Miezi Niliyoogopa Povu

Kazi yangu ni kuosha vichwa. Ninasuka pia, ninaseti, lakini wateja wanaopanda ngazi hadi saluni yetu pale Mabatini, Mwanza, wanafuata mikono yangu kwenye sinki. Wapo wanaopitiwa na usingizi kabisa. Mteja wetu mmoja, mwalimu wa sekondari, aliwahi kukoroma mpaka mwenzangu akazima redio ili tumsikilize vizuri. Ninapenda pale maji ya uvuguvugu yanapoingia kwenye nywele, nami namimina shampuu kiganjani na kuanza kusugua taratibu kuanzia kisogoni, povu likipanda mpaka kichwa cha mtu kinafanana na keki ya harusi. Nimeifanya kazi hiyo tangu nilipomaliza kidato cha nne na bado sijaichoka.

Kisha nikapata mimba, na povu lenyewe likaanza kunitia hofu.

Mimba hiyo tuliisubiri sana. Siku kipimo kilipoonyesha mistari miwili, mume wangu, ambaye ni fundi majokofu, alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji ya jirani yetu, kichwa chote kimezama kwenye nyaya. Niliinama nikamwambia kwa sauti ndogo. Aliinuka kwa haraka, akajigonga utosi, akacheka huku amejishika kichwa, kisha akamwambia jirani kwamba friji ile hatatozwa chochote. Jirani hakuelewa sababu, lakini hakubisha.

Kitu ulichokisubiri kwa muda mrefu unakishika kama yai. Niliogopa kupanda ngazi, niliogopa kulala chali, niliogopa maembe mabichi. Mwenzangu wa saluni, ambaye ana watoto watatu na haogopi kitu, aliniona ninavyohangaika akaniingiza kwenye kundi la simu la akina mama watarajiwa. Mambo mengi ya mle yalikuwa mazuri. Tuliulizana kuhusu kichefuchefu, tukachekana kwa hamu ya kula udongo, tukatumiana picha za miguu iliyovimba. Ndipo siku moja mtu akaingiza sauti iliyorekodiwa.

Ilikuwa sauti nzito ya mwanaume, inakwenda polepole kama ya msomaji wa matangazo ya vifo. "Dada mjamzito," ilisema, "hilo povu unaloogea kila siku, unajua linakwenda wapi?" Akasema povu hutokana na kemikali ileile inayosafishia injini za magari. Akasema linapenya kwenye vitundu vya ngozi, linaingia kwenye damu, linakwenda kumsugua mtoto tumboni mpaka anazaliwa na ngozi nyepesi kama karatasi iliyolowa. Akataja na jina la kemikali hiyo, jina refu linaloanza na sodiamu. Niliinua chupa ya shampuu iliyokuwa mbele yangu nikaigeuza. Jina lilikuwepo, mstari wa pili.

Sikusikiliza hadi mwisho. Nilizima simu. Wenzangu wengine wa kundi lile walioga mara mbili kwa siku, basi. Mimi nilishinda nimezamisha mikono kwenye povu tangu asubuhi hadi jioni.

Nilimwambia mwenzangu kwamba mgongo unaniuma, kwa hiyo aoshe yeye na mimi nisuke nikiwa nimekaa. Alikubali kwa roho nyeupe, ila mikono yake si ya sinki. Mteja mmoja alinyanyuka akipangusa masikio, akamuuliza, "Dada, unaosha kichwa au unasugua sufuria la ugali?" Nami nikajifanya natafuta kichanio.

Nyumbani kwetu Pasiansi nilikusanya kila kitu cha bafuni kinachotoa povu nikakitia kwenye kikapu na kukipandisha juu ya kabati. Sabuni za kuogea, shampuu yangu, hata dawa ya meno. Nikawa napiga mswaki kwa chumvi na kuoga kwa maji matupu. Mume wangu alipoulizia sabuni nilimwambia imekwisha, akanunua nyingine, nayo ikapanda kabatini. Akaanza kuogea sabuni ya unga anayofulia ovaroli zake, akawa ananukia kama shuka lililoanikwa. Mimi nilinukia vingine. Mwanza ina joto lake, na mtu mwenye mimba ana joto lake pia, na maji matupu hayamalizi mambo hayo. Mume wangu ni mpole. Hakusema lolote. Ila niliona ameanza kulala uso umeelekea dirishani, na dirisha lenyewe halifungwi tena.

Aliyesema ni mama mkwe.

Alikuja kutuangalia kutoka kwao ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, na mwanawe akampokea kwenye kivuko cha Kamanga. Aliingia uani na mzigo wa viazi na kuku wawili waliofungwa miguu. Ni mwanamke mrefu, Msukuma, mkulima wa mpunga, anayecheka kwa mabega, na ulimi wake hauna shida na herufi yoyote isipokuwa moja. Nilipiga goti, "Shikamoo mama." "Malahaba mwanangu, malahaba," akaninyanyua, akanikumbatia, kisha nikamsikia amesimamisha pumzi. Alirudi nyuma kidogo akanitazama usoni.

"Mwanangu," alisema, "una halufu."

Alilisema hilo bila ubaya wowote, kama mtu anayekuonyesha kwamba umekanyaga tope. Ndiyo sababu nililia. Nilikaa palepale kwenye kizingiti cha jiko nikalia mpaka kuku wakanyamaza, na yeye akakaa pembeni yangu, akanishika goti, akasubiri. Kisha nilimweleza yote. Nilimfungulia simu nikamsikilizisha ile sauti, kipande cha mwanzo nilichokuwa nakijua. Alisikiliza kwa makini, ameinamisha kichwa.

"Huyu mwanaume," aliuliza, "amezaa watoto wangapi?"

Nilicheka katikati ya kilio, makamasi yakanitoka.

"Mimi nilizaa saba," aliendelea, "na wote niliwabeba huku naogea sabuni ya mche. Lakini mimi si daktali. Kesho tunakwenda kuuliza."

Asubuhi nilimkuta ameshateremsha kikapu kutoka kabatini. Nikamwambia nitaona aibu kubeba sabuni kwenda kliniki. Akasema mtu anayekwenda kwa fundi kuulizia nguo anapeleka nguo. Halafu alifungua mkoba wake akatoa sabuni moja iliyoviringishwa kwenye leso, akaitia kikapuni juu ya zangu. "Na hii yangu waiangalie," alisema kwa fahari kidogo. "Hii ni ya nje."

Kliniki ya wajawazito iko karibu na kwetu, tulikwenda kwa miguu. Akina mama walikuwa wameshajaa kwenye mabenchi, kadi mkononi, na nesi alikuwa anatoa somo la asubuhi kabla ya kupima uzito. Nesi mwenyewe alikuwa mjamzito, na tumbo lake lilikuwa limetangulia la kila mtu pale. Alifundisha juu ya upungufu wa damu: matembele, maharage, dagaa, vidonge visiachwe. Alipomaliza akauliza nani ana swali. Nilitazama sakafu. Nilipanga kwamba nitamfuata pembeni, taratibu, tukiwa wawili.

Mama mkwe akainua mkono.

"Huyu mkwe wangu," alisema, sauti yake ikifika hadi getini, "haogi."

Benchi zima liligeuka. Kama ardhi ingekubali kunimeza ningeishukuru. Nesi aliuma mdomo ili asicheke, akaniuliza kwa upole, "Huogi kabisa, au huogi na sabuni?"

"Sabuni," nikasema. "Naogopa povu."

Sikutegemea kilichofuata. Mama mmoja wa benchi la nyuma alisema, "Hata mimi." Mwingine akasema ameacha shampuu tangu mwezi uliopita. Kumbe sauti ile ilikuwa imezunguka mji. Nesi aliomba simu yangu, akaongeza sauti hadi mwisho, akaiweka mezani, tukasikiliza wote kwa pamoja. Injini za magari, vitundu vya ngozi, karatasi iliyolowa. Tulifika pale nilipokuwa nimeachia, na mwanaume yule akaendelea kwa sauti ileile ya msiba: "Kwa hiyo dada yangu, kama unampenda mwanao, agiza sabuni yetu ya asili isiyotoa povu hata kidogo. Tunatuma mikoani."

Kisha mama wa benchi la nyuma akapiga makofi mara moja, akasema, "Muuza sabuni!" na kliniki nzima ikavunjika kwa kicheko. Nesi alicheka huku ameshika tumbo lake kwa chini. Mimi nilicheka mpaka nikaegemea bega la mama mkwe, ambaye alikuwa anarudia, "Tunatuma mikoani! Tunatuma mikoani!"

Nesi alipopata pumzi alituomba tusiishie kucheka. "Aliyeogopa hana kosa," alisema. "Na si kila kinachouzwa dukani ni salama. Kwa hiyo tuangalie kimoja kimoja." Akakichukua kikapu changu akakimwaga juu ya meza.

Alianza na povu. Alisema vile vitu vyenye majina marefu kazi yake ni kushika mafuta na uchafu ili maji yaondoke navyo. Vinakaa kwenye ngozi kwa muda mfupi tu, unasuuza, vinakwenda na maji. Ngozi ya mtu ni ukuta, na kinachoweza kupita pale ni kidogo mno. Wajawazito wamekuwa wakiogea sabuni na shampuu za aina hiyo miaka yote, na hajaona ushahidi kwamba povu linamfikia mtoto na kumdhuru. Kama sabuni inakukausha au inakuwasha, badilisha, tafuta iliyo laini na isiyo na manukato makali, na usuuze vizuri.

"Na ile kemikali ya injini?" mtu aliuliza.

"Hata maji yanaosha injini," nesi akajibu. "Utaacha kunywa maji?"

Akainua sabuni yangu ya kuogea: "Oga." Akainua shampuu: "Osha." Alipofika kwenye dawa ya meno alinitazama kwa jicho la dada mkubwa. "Hii ndiyo usiache kabisa. Fizi za mjamzito zinavuja damu upesi." Chupa ndogo ya kunawia sehemu za siri, niliyopewa zawadi siku moja, aliiweka pembeni. Alisema ndani kule kunajisafisha kwenyewe, kuingiza sabuni au dawa ni kujitafutia maambukizi, na kwa nje maji safi yanatosha. Hapo mabenchi yalinong'ona, na maswali yaliyofuata sitayaandika, lakini kila moja alilijibu bila kupepesa macho.

Mwisho akafika kwenye ile leso. Aliifungua, akaigeuza sabuni huku na huku, akaisogeza kwenye mwanga. Karatasi yake ilikuwa na maandishi ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, na picha ya mwanamke mwenye mashavu meupe kama maziwa. Orodha ya vilivyomo haikuwepo. Uso wa nesi ulikuwa umebadilika.

"Hii ni ya nani?"

Mama mkwe alikohoa. "Ni yangu."

"Unaitumia kwa kazi gani, mama?"

"Ya madoa," alisema. Akajipapasa shavu. "Ya madoa, na kung'aa kidogo."

Ndipo nilipomtazama vizuri. Kweli uso wake ulikuwa umetangulia shingo kwa weupe, na mimi kwa wasiwasi wangu wa povu sikuwa nimegundua. Nesi alivuta kiti akakaa karibu naye. Alizungumza naye kwa heshima, ila hakupunguza neno. Alisema sabuni na krimu za kung'arisha ngozi, hasa hizi zisizoeleza kilichomo, baadhi zina zebaki. Zebaki si kama povu. Inapita kwenye ngozi, inakaa mwilini, inaharibu figo, na kwa mjamzito inavuka hadi kwa mtoto na kugusa ubongo wake. Zipo krimu nyingine zenye dawa za kuondoa rangi ambazo ngozi inazinywa kwa wingi, nazo mjamzito asizishike. Na anayetumia sabuni ya namna hii huiacha kwenye taulo na kwenye beseni, mwingine naye akaipata.

Mama mkwe alitazama viganja vyake. "Na mimi nimepanga kuja kumuogesha mjukuu kwa mikono hii," alisema polepole.

"Utamuogesha," nesi alimjibu. "Ukiiacha leo. Na tutakupima mkojo tuone figo zinasemaje."

Mama mkwe aliichukua sabuni ile akaitoa kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi ufunguo wa nyumba aliyohama. Nesi aliitia kwenye mfuko, akasema ataipeleka kunakohusika, maana ukiitupa jalalani inaishia ziwani. Akina mama hawakumcheka. Mmoja alifungua pochi yake, akatoa kopo dogo lisilo na jina, akaenda kuliweka mezani, kisha akarudi kukaa. Baadaye akainuka wa pili.

Nilipopimwa nilimuuliza nesi kuhusu kazi yangu. Alisema kuosha vichwa niendelee, ila nivae glavu, kwa sababu mikono inayoshinda kwenye maji na sabuni inapasuka. Dawa za kulainisha nywele na zile za kunyoosha zinazotoa moshi unaowasha macho nimwachie mwenzangu hadi nijifungue, madirisha yawe wazi, na nikae kila ninapoweza.

Tulipotoka nje mama mkwe alitembea hadi kwenye mti wa kona, akasimama. Nilidhani anaumia. Mabega yalianza kutikisika.

"Wewe ulikuwa na halufu," alisema, "mimi nilikuwa na sumu. Bola wewe!"

Tukacheka barabarani mpaka mwenye bajaji akasimama kutuuliza kama tunahitaji msaada. Tulimwambia atupeleke Mabatini.

Mwenzangu alikuwa na mteja kwenye draya. Aliponiona nakunja mikono ya gauni na kuvaa glavu, alitupa taulo juu na kushukuru kwa sauti. Nilimkalisha mama mkwe kwenye kiti cha sinki. Alisita. Nywele zake ni fupi, zimeota mvi, na hutembea amefunga kitambaa siku zote. Aliniambia hajawahi kuoshwa kichwa na mtu tangu alipokuwa msichana mdogo kwa mama yake. Nilikifungua kitambaa. Nikajaribu maji kwenye kifundo cha mkono, nikayaelekeza kwenye utosi wake, na akafumba macho.

Nilikuwa nimeikosa kazi hiyo kuliko nilivyojua. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe, kisogoni, nyuma ya masikio, juu ya paji. Povu likapanda, jeupe, jepesi, linanukia limau. Mtoto alikuwa hajaanza kucheza tumboni wakati huo, kwa hiyo sitadai kwamba aliruka, lakini mimi niliruka ndani yangu. Mama mkwe alianza kuongea Kisukuma kwa sauti ya chini, siyo na mimi, na baadaye akawa anaimba kitu kisichokuwa na maneno. Mteja wa draya alitoa kichwa ili asikie.

Nilipomsuuza na kumfunga taulo, aliketi wima akaniuliza, "Na wewe unaoshwa na nani?"

Akanisukuma kwenye kiti. Mwenzangu alimwonyesha pa kufungulia maji, na ajuza yule wa kulima mpunga akaniosha kichwa kwa nguvu za mpunga. Povu liliingia sikioni, likashuka shingoni, likatapakaa sakafuni. Alimimina shampuu mara mbili zaidi ya inavyohitajika. Alipoteleza, mwenzangu alimdaka kiunoni, na wote wawili wakabaki wameshikana wakicheka kama wasichana wa kisimani. Sijawahi kuoshwa vibaya namna ile, wala sijawahi kufurahi namna ile.

Jioni nyumbani nilioga. Nilioga na sabuni na dodoki, nikasugua visigino, nikaimba, nikamaliza ndoo moja na kuomba nyingine. Mume wangu alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni na sanduku lake la vifaa, akavuta pumzi ndefu. "Tuna mgeni?" akauliza.

Majibu ya mama mkwe yalirudi mazuri. Uso wake ulichukua muda kurudi kwenye rangi yake, ukarudi, na akina mama wa kwao walipomuuliza amefanya nini akawaeleza yote, pamoja na sehemu ambazo mwingine angeficha. Nasikia sasa kule kijijini mchuuzi wa krimu akipita anahojiwa kuliko mshitakiwa.

Binti yetu alizaliwa asubuhi ya mvua, mnene, mwenye sauti ya kukemea. Tuliambiwa tusikimbilie kumuogesha, tungoje hadi siku ya pili, na tuanze na maji ya uvuguvugu. Bibi yake alingoja kwa shida. Muda ulipofika alikaa kwenye kigoda uani, miguu ameinyoosha, mtoto akamlaza juu ya mapaja, akateka maji kwa kiganja na kumpitishia kwenye kila mkunjo: chini ya kidevu, kwapani, kati ya vidole. Mtoto alipiga kelele mara moja, halafu akatulia, akawa anamkodolea macho.

Bibi alikuja kukaa arobaini tu. Arobaini ikapita. Meno mawili ya kwanza ya mtoto yakatoka, bibi bado yupo, ameshajua majina ya majirani wote na mabaya yao. Baba mkwe akapiga simu kutoka ng'ambo, na kwa kuwa mikono yake bibi ilikuwa na maji, mimi niliiweka simu kwenye spika. Mzee aliuliza kwa unyonge ni nani sasa anayempikia yeye.

"Jikoni unapajua," mama mkwe alisema, akamgeuza mjukuu wake kifudifudi kwa uangalifu, akaanza kumuosha mgongo.